Mshahara wa Kuanzia wa Dakta Kutu

Walianza kumwita Dakta Kutu kabla hajawa daktari wa kitu chochote. Chuoni, katika maabara ya ghorofa ya chini, alikuwa na rafu ndefu ya chupa za kioo, na ndani ya kila chupa kipande cha chuma kilining'inia kwa uzi katika maji. Kulikuwa na maji ya chumvi, maji ya kisima, na maji ya bomba yaliyotiwa dawa. Kazi yake ilikuwa kuvitazama vyuma hivyo vikiliwa. Anavitoa, anavikausha, anavipima uzito, anavirudisha. Wenzake waliokuwa wakihangaika na dawa za saratani na mbegu bora walipita wakimtania kwamba anasomea jambo ambalo geti la nyumbani kwao linalifanya bure.

Masomo ya uzamivu yalimchukua muda mrefu kuliko ilivyopangwa. Mizani ya maabara iliharibika ikasubiri fundi, fundi naye akasubiri kibali. Posho ilikuja ilipopenda. Alivuka thelathini akiwa bado analala katika chumba kile kile alichokulia, na mama yake, fundi cherehani wa sare za shule, ndiye aliyehakikisha chungu kinachemka jikoni. Mama hakulalamika. Wateja walipomuuliza binti yake anafanya kazi gani, alijibu, "Anasoma chuma," akaendelea kukanyaga cherehani yake.

Msimamizi wa utafiti wake alikuwa profesa mrefu, mpole, mwenye koti moja la kahawia na gari ambalo wanafunzi walizoea kulisukuma mpaka kwenye mteremko. Dakta Kutu alimwita Mwalimu. Kama wanafunzi wengine, aliamini kwamba lile koti na lile gari ni tabia za wasomi: mtu pesa anazo, ila akili yake iko kwenye vitabu.

Alipohitimu, chuo hakikuwa na nafasi ya kazi. Akapewa vipindi vya kufundisha, akilipwa kwa saa. Ndipo siku moja Profesa alipomwekea mezani tangazo lililokatwa gazetini. Kiwanda cha mabomba na matangi ya chuma kilikuwa kikitafuta mtaalamu wa kutu mwenye shahada ya uzamivu.

"Nenda," akamwambia. "Hapa utakaa kwenye foleni mpaka mimi nife, na afya yangu ni nzuri."

Swali la mshahara alilijadili na mama yake wakiwa wanakata vitambaa. Katika ukoo mzima na mtaa mzima hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Hawakumjua yeyote aliyewahi kuajiriwa kwa shahada kama hiyo nje ya chuo. Mwishowe wakachukua posho yake ya utafiti wakaizidisha mara mbili. Mama akasema ni nyingi, watamwona ana tamaa.

"Lakini itaje hivyo hivyo," akaongeza, "halafu uso uukaushe."

Chumba cha usaili kilikuwa juu ya karakana. Kila mashine ya kukunja chuma ilipopiga huko chini, glasi za maji zilitetemeka mezani. Meneja wa uzalishaji, mtu mnene mwenye makovu ya kuungua mikononi, hakumuuliza habari za vyeti. Alimsukumia kipande cha bomba kilichopasuka na kumwambia aseme kimepatwa na nini.

Alikigeuza, akakwangua rangi ya ndani kwa ukucha, akakipeleka dirishani kwenye mwanga. Kisha akasema kwamba rangi ilipakwa chuma kikiwa na unyevunyevu, na kwa hiyo kutu ilianza chini ya rangi kabla bomba halijapakiwa kwenye lori.

"Halikuharibikia kwa mteja," akasema. "Liliondoka hapa likiwa limeshaharibika."

Meneja akamwashiria aliyekaa kando yake aendelee. Huyo alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa mnyororo shingoni, na kiwanda kizima kilimwita Mama Utumishi.

"Dada, unatarajia tukulipe kiasi gani?"

Akakausha uso kama alivyofundishwa, akataja.

Meneja akainamia mikono yake. Mama Utumishi akavua miwani.

"Kwa wiki?" akauliza.

"Kwa mwezi." Jasho lilikuwa limeshamtoka mgongoni. "Lakini kama ni nyingi, ninaweza kupunguza."

"Usipunguze, dada. Tafadhali usipunguze chochote. Subiri hapo nje kidogo."

Alikaa kwenye benchi la korido akijilaumu. Aliona wazi jinsi atakavyorudi nyumbani kumweleza mama kwamba tamaa imemponza. Alipoitwa tena, alikuta karatasi mbili za mkataba juu ya meza, na kidole cha Mama Utumishi kiko kwenye mstari wa katikati.

Akausoma. Akarudia kuusoma. Tarakimu zilikuwa nyingi kiasi kwamba alidhani kuna nukta iliyosahaulika mahali fulani.

"Samahani," akasema, "hii ni ya mwaka?"

"Ya mwezi. Kabla ya kodi. Hicho ndicho kiwango cha kuanzia kwa mwenye shahada ya uzamivu ya sayansi. Nikitaka kukulipa ulichoomba wewe, kompyuta itakataa, itaniambia nimekosea."

Alinyoosha mkono akachukua glasi ya maji, akainywa yote, na alipoirudisha mezani ndipo alipotambua kwamba ilikuwa ya meneja. Hakuna aliyecheka. Akatia saini pale alipoonyeshwa, kwa mwandiko ambao haukufanana na wake.

Furaha haikuja siku hiyo. Alichohisi ni ganzi, kama mtu aliyejigonga na bado anasubiri maumivu yafike. Njia nzima alijiuliza mambo ya ajabu. Kama kazi yake ina thamani hiyo, miaka yote ile nani alikuwa anajua? Na kama kuna mtu alijua, mbona hakumwambia?

Mama alipotajiwa kiasi, alisimamisha cherehani.

"Rudia."

Akarudia.

"Mwanangu, hakuna mtu anayelipwa hivyo kwa kutazama kutu. Hao watu watakufanyisha nini?"

"Kazi ya maabara, mama."

"Maabara ya nini? Humo ndani wanatengeneza mabomba kweli, au mabomba ni geresha tu?"

Maneno hayakusaidia. Kesho yake mama alivaa gauni lake la shughuli, akafunga duka lake la kushonea, akamwambia binti amwongoze. Getini mlinzi aliwakalisha kwenye viti vya plastiki, akapiga simu ndani. Mama Utumishi akashuka mwenyewe, akamsalimia mama kwa heshima zote.

"Marahaba," mama akaitikia. "Sitakupotezea muda. Huyu ni mwanangu wa pekee. Nataka kujua mnamlipa hela zote zile kwa kazi gani hasa."

Binti alitamani ardhi impasukie. Lakini Mama Utumishi hakuonekana kukerwa. Alivuta kiti akakaa, akaeleza kwamba mwaka uliopita matangi ya mteja mmoja mkubwa yalianza kuvuja, ikabidi wayarudishe yote, wayavunje, watengeneze mengine kwa hasara yao. Hasara ya mzigo ule mmoja ingetosha kumlipa mtu kama huyu binti mpaka anastaafu. Laiti angekuwepo, yasingetokea.

Mama alitafakari, mkoba ukiwa magotini.

"Basi mnamlipa kidogo," akasema.

Mama Utumishi alicheka mpaka mlinzi akatoka kibandani kuangalia kulikoni. "Mama, wewe ndiye ulipaswa kuja kwenye usaili."

Ikabaki kumwambia Profesa. Alimkuta ofisini kwake, chumba chembamba chenye tasnifu zilizopangwa sakafuni hadi usawa wa dirisha. Profesa alifurahi, akampa mkono, akamwambia akae. Akamwuliza habari za maabara ya kiwanda, mizani yao ni ya aina gani, tanuri wanalo. Halafu, akiwa anapanga kalamu mezani, akauliza kama mtu asiyetaka kuuliza:

"Na maslahi, wamekufikiria vizuri?"

"Wamenifikiria, Mwalimu."

"Vizuri kiasi gani?"

Alijaribu kuzungukazunguka, lakini hakuwahi kumdanganya mtu huyu hata kwenye namba ndogo. Akataja.

Mikono ya Profesa ikaacha kupanga kalamu. Uso wake ukawa wa mtu anayefanya hesabu asiyotaka kuimaliza.

"Hiyo inazidi yangu," akasema hatimaye.

"Inazidi kidogo, Mwalimu?"

"Si kidogo."

Dakta Kutu alitazama koti la kahawia lililoning'inia mlangoni, kiwiko chake kikiwa kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Akakumbuka ule mwaka ambao idara haikuwa na fungu la kemikali, na kemikali zikafika hata hivyo. Profesa alikuwa amezileta mwenyewe ndani ya lile gari.

"Zile asidi za mwaka ule," akauliza polepole, "chuo ndicho kilinunua?"

"Hayo yamepita."

"Mwalimu, mimi nilidhani..."

"Kila mtu anadhani." Alisema bila uchungu. "Nenda kazini, mwanangu. Na usimwombe mtu radhi, naona unataka kuniomba radhi."

Alikuwa ameshafika mlangoni Profesa alipomwita tena. "Huyo aliyekupa mkataba. Alisema kiwango kile ni chako wewe, au ni cha shahada?"

"Cha shahada."

"Aha," akasema Profesa.

Miaka miwili ilipita. Dakta Kutu alibadilisha jinsi chuma kinavyokaushwa kabla ya kupakwa rangi, na malalamiko ya wateja yakapungua hadi meneja akaacha kuogopa simu yake. Mshahara ukapanda. Mama hakuacha cherehani, ila alianza kukataa kazi za haraka, na wateja waliomzoea wakasema amevimba kichwa. Maabara ilikua, binti akawa kiongozi wake, na kiwanda kikatangaza nafasi ya mtaalamu wa pili.

Wiki ya usaili alikuwa safarini, akikagua matangi kwa mteja. Alirudi asubuhi akakuta mhandisi wa ubora anaumwa, na meneja akamtaka ajaze kiti chake kwenye jopo. Hakupata hata nafasi ya kutazama majina ya waombaji. Alisukuma mlango wa kile chumba cha juu ya karakana, kalamu mdomoni, akamwona mwombaji aliyekaa mbele ya meza.

Alikuwa Profesa. Koti lilikuwa limepigwa pasi.

Kalamu ilimdondoka. Alisimama wima kama mwanafunzi aliyechelewa kipindi, na Profesa naye akanyanyuka nusu kutoka kitini, na wote wawili wakabaki hivyo, hakuna anayejua nani anapaswa kukaa kwanza.

"Mnafahamiana?" Mama Utumishi akauliza.

"Ndiye aliyenifundisha," Dakta Kutu akajibu. "Sistahili kukaa hapa."

Mama Utumishi akafikiri, kisha akaamua kwamba akae lakini asitoe alama. Akakaa. Kwa nusu ya kwanza ya usaili hakusikia karibu lolote. Alichokiona ni mikono ya mwalimu wake, mikono iliyomwonyesha namna ya kushika kibano, sasa imetulia juu ya magoti kama ya mtu anayesubiri daktari.

Meneja aliuliza maswali ya kutu, na majibu yakaja yamenyooka kiasi kwamba meneja alisahau kuandika akabaki anasikiliza. Kisha ikafika zamu ya Mama Utumishi na jedwali lake la mishahara.

"Profesa, una uzoefu wa kiwandani wa miaka mingapi?"

"Sina."

"Hata mmoja?"

"Nimefundisha na kutafiti tangu huyu dada hajaanza darasa la kwanza. Kiwandani sijafanya kazi."

Mama Utumishi akaandika sifuri. Alionekana hakupenda kuiandika, lakini aliiandika. Akageuza karatasi.

"Basi kwa shahada ya uzamivu na uzoefu huo, tunachoweza kukupa ni mshahara wa kuanzia."

Ulikuwa ni mstari ule ule wa miaka miwili nyuma, umeongezwa kidogo tu kwa ajili ya kupanda kwa maisha. Dakta Kutu alikuwa akilipwa zaidi ya hapo.

"Haiwezekani," akasema.

Wote wakamgeukia. Sauti yake ilikuwa imetoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Kila ninachokijua kuhusu kutu kimetoka kwake. Hii miaka yangu miwili mnayoilipa, nilikuwa natumia alichonifundisha yeye. Mnawezaje kuniandikia mimi uzoefu na yeye mkamwandikia sifuri?"

"Dada, jedwali lina safu ya shahada na safu ya miaka ya kiwandani," Mama Utumishi akasema kwa upole. "Miaka ya chuo haina safu."

"Haina kabisa?"

"Hakuna aliyewahi kuja nayo mingi hivyo."

Dakta Kutu alisukuma kiti nyuma akasimama. Profesa ndiye aliyemtuliza. "Mwanangu, kaa," akamwambia, kama alivyokuwa akimwambia matokeo ya jaribio yalipokuja kinyume. Kisha akamgeukia Mama Utumishi. "Ninakubali. Nitatia saini wapi?"

Dakta Kutu alimfuata kwenye ngazi za nje, zile za chuma zinazoshuka uwanjani, wakasimama hapo kelele za karakana zikiwa nyuma yao.

"Kwa nini hukuniambia, Mwalimu?"

"Ningekwambia ungenipigia debe. Nilitaka wanione kama wanavyomwona mtu mwingine." Akashika kishikio cha ngazi. "Wameniona."

"Lakini chuo. Maabara. Utaviacha hivi hivi?"

Hakujibu upesi. "Binti yangu mdogo amemaliza shule," akasema. "Anapenda kemia, anaipenda kuliko mimi nilivyoipenda. Juzi akaniuliza asome nini. Nikausikia mdomo wangu unamwambia, chochote ila sayansi. Soma biashara." Akatikisa kichwa. "Mimi. Nilishtuka nikaacha chakula mezani. Nikatoka nje nikasimama uani, najiuliza aliyesema vile ni nani."

Dakta Kutu akaketi kwenye ngazi.

"Sasa nimempigia simu asubuhi kabla ya kuja," Profesa akaendelea. "Nimemwambia ajaze fomu za kemia. Hata kama wasingenichukua leo, angalau najua kuna mahali wanajua bei ya kitu hiki."

Wiki za kwanza zilikuwa mtihani. Dakta Kutu hakuweza kumtuma mwalimu wake. Palipokuwa na sampuli za kupima alijikuta anazipima mwenyewe, mpaka siku moja Profesa akamnyang'anya kibano mkononi na kumwambia kwamba anamfanya ale mshahara wa bure. Mafundi wa karakana walimpenda upesi, wakampa jina la Mzee Mpya. Mwisho wa mwezi Dakta Kutu alimkuta amekaa peke yake kwenye ngazi za nje, simu mkononi, akitazama ujumbe wa benki. Hakuwa anatabasamu. Alikuwa na uso ule ambao Dakta Kutu alikuwa nao siku ya mkataba wake, na Dakta Kutu akageuka akarudi ndani bila kumsemesha.

Lile jedwali hakuliacha. Alimsumbua Mama Utumishi kila alipokutana naye, kantini, getini, kwenye korido, na Mama Utumishi, ambaye sifuri ile ilikuwa imemkaa moyoni, akalipeleka kwa wakurugenzi. Walikataa. Akalipeleka tena mwaka uliofuata, na safari hii wakakubali miaka ya utafiti wa chuo ihesabiwe kwa nusu. Nusu ya miaka ya Profesa ilikuwa mingi. Mshahara wake ukaruka ukampita Dakta Kutu.

Dakta Kutu alifurahi, akampa mkono, kisha akaenda kukaa ofisini kwake akijishangaa, maana kulikuwa na kitu kidogo kinamchoma.

"Yaani wewe ndiye bosi na yeye anakuzidi?" mama akauliza nyumbani.

"Ndivyo, mama. Na mimi ndiye niliyepigania."

Mama akamtazama juu ya miwani. "Basi kapiganie na wako."

Chuoni maabara ya ghorofa ya chini ilifungwa muhula mzima kwa kukosa mtu. Hatimaye mkuu wa idara alifika kiwandani mwenyewe, kofia mkononi, kuwaomba wawili hao wawe wanafundisha Jumamosi. Alitaja malipo ya saa. Dakta Kutu alidhani hakusikia vizuri. Kilikuwa ni kiasi kile kile alicholipwa zamani, na alishangaa kwamba aliwahi kukitegemea, akakiweka kwenye bajeti, akakisubiri kwa hamu. Profesa aliona uso wake akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. Mkuu wa idara akabaki anawatazama, hajui kama amekubaliwa au amekataliwa.

Walikubali. Jumamosi ya kwanza Dakta Kutu aliingia darasani na somo lake limeandaliwa, vipande vya chuma ndani ya mfuko. Wanafunzi walikuwa wachache, mabenchi ya nyuma matupu. Kabla hajaandika kichwa cha somo, kijana mmoja wa benchi la mbele akanyoosha mkono, akauliza kwa aibu kama ni kweli kwamba Profesa alikimbia umaskini.

Angeweza kumkemea. Badala yake alichukua chaki akaandika ubaoni mshahara wa kuanzia, wote, kabla ya kodi na baada ya kodi, na chini yake akaandika kiasi alichojipangia yeye siku ya usaili.

Kijana aliyeuliza alishusha mkono aliokuwa amesahau kuushusha. Msichana mmoja aliyekaa pembeni aliinuka polepole, macho hayajatoka ubaoni, akaenda kuufunga mlango, kana kwamba kuna watu nje wasiopaswa kuona.

"Uache wazi," Dakta Kutu akamwambia. "Na waite na hao walioko kwenye korido."